Mwongozo kamili: Kupanga timu za futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani kwa kanuni ya takwimu

Malalamiko yanayonifikia kuhusu kazi hii yanafanana. Mtu amekusanya matokeo ya msimu mzima, ameandika fomula zake, halafu timu iliyoshinda mechi 11 dhidi ya vibonde inakaa juu ya iliyoshinda 10 mbele ya vigogo. Mwingine namba zake zinapanda na kushuka bila kutulia. Mwingine ana Miami moja iliyobeba matokeo ya Miami nyingine, kwa kuwa vyuo vyenye jina hilo ni viwili.

Chanzo kikubwa ni kuichukulia michuano hii ya futiboli ya Kimarekani, ambayo si soka, kama Ligi Kuu tuliyoizoea. Kwenye ligi kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini, kwa hiyo kujumlisha pointi kunatosha. Huku daraja la juu, FBS, lina timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana pamoja. Timu nyingi hazikutani kabisa. Kanuni nzuri inalazimika kuzilinganisha kupitia wapinzani wao, na wapinzani wa wapinzani wao. Tunaijenga hapa kwa Excel au Google Sheets, bila kuandika programu yoyote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta. Simu inaweza, lakini utachoka kabla hujafika hatua ya 5.
- Excel au Google Sheets.
- Matokeo ya mechi zote za msimu mmoja: tarehe, timu mbili, pointi za kila timu, na uwanja. Tovuti za Sports Reference na CollegeFootballData zinayo katika muundo unaoweza kuuingiza moja kwa moja kwenye jedwali.
- Orodha ya timu zote za FBS za msimu huohuo. Usitumie ya mwaka mwingine; timu hupanda daraja na kuhama konferensi karibu kila mwaka.
- Kalamu na karatasi kwa ajili ya mfano mdogo utakaothibitisha kuwa fomula zako ziko sawa.

Kama kompyuta yako imewekwa kwa lugha ya Kijerumani au Kifaransa, huenda itadai nukta-mkato mahali pa mkato ndani ya fomula, na mkato mahali pa nukta ya desimali. Wasomaji walioko Ulaya hukwama hapa na kudhani fomula ni mbovu.

## Hatua ya 1: Amua unapima nini

Kuna maswali mawili tofauti na watu huyachanganya. La kwanza: timu ipi ina nguvu zaidi, yaani zikikutana kesho ipi itashinda? La pili: timu ipi inastahili zaidi kwa yale iliyokwisha kuyafanya?

Florida State ya 2023 inaonyesha tofauti hiyo. Ilimaliza na ushindi 13 bila kupoteza, lakini mchezaji wake mkuu, Jordan Travis, alikuwa ameumia Novemba. Kamati ya mchujo ikaiacha nje ya timu nne za kuwania ubingwa wa taifa na kuichukua Alabama iliyokuwa imepoteza mechi moja. Ukiuliza swali la kustahili, Florida State ilionewa. Ukiuliza la nguvu, kamati ilikuwa na hoja.

Kanuni inayotumia tofauti ya pointi hujibu swali la nguvu. Inayotumia ushindi na kushindwa tu hujibu la kustahili. Mwongozo huu unajenga ya kwanza, kisha hatua ya 7 inaongeza ya pili pembeni. Usizichanganye ndani ya fomula moja kwa kupeana asilimia, 60 kwa 40 na kadhalika. Utapata namba ambayo hakuna anayeweza kueleza inamaanisha nini.

## Hatua ya 2: Safisha majina

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na kwa kuwa inachosha, watu huiruka.

Kuna University of Miami ya Florida na Miami University ya Ohio, na zote ziko FBS. Kuna USC ya California, na wapo wanaoiita South Carolina kwa herufi hizohizo. Ole Miss na Mississippi ni chuo kimoja. Mississippi State ni kingine. Jedwali halijui haya: likiona majina mawili linahesabu timu mbili.

Chagua tahajia moja kwa kila timu, iandike kwenye orodha yako ya FBS, kisha badilisha matokeo yote yaifuate. Ondoa pia nafasi tupu mwishoni mwa majina kwa fomula ya TRIM, kwa sababu hazionekani kwa macho.

Mechi dhidi ya timu za daraja la chini, FCS, usizifute. Ukizifuta unafuta pia aibu ya waliofungwa nazo. Lakini usiingize FCS nzima timu kwa timu pia, maana utahitaji ratiba zao zote. Njia rahisi ni kuziita zote jina moja, "FCS", na kuzihesabu kama timu moja dhaifu. Si sahihi kwa asilimia mia, kwa kuwa FCS nayo ina vigogo wake, ila kwa kanuni ya kuanzia inatosha.

Usidharau mechi hata moja. Desemba 2010 matokeo ya Appalachian State na Western Illinois, timu mbili za FCS, yalikosekana katika hesabu ya Wesley Colley, iliyokuwa mojawapo ya kanuni rasmi za BCS, mfumo wa zamani wa kuchagua timu za fainali ya taifa. Yaliposahihishwa, Boise State na LSU zilibadilishana nafasi ya 10 na ya 11, ingawa hakuna hata moja kati yao iliyocheza mechi ile.

Utajua umefaulu ukihesabu mechi za kila timu na kukuta 12 au 13, au zaidi kidogo kama umeweka bowl (mechi za mwaliko za mwisho wa msimu) na mchujo. Timu yenye mechi 1 au 2 ni jina lililokosewa.

## Hatua ya 3: Jenga shiti mbili

Shiti ya kwanza iite mechi. Kila mechi iandike mara mbili: mara moja kwa upande wa kila timu. Watu hulalamikia kurudia huku, lakini bila hivyo fomula zitalazimika kutafuta timu katika safu mbili na utachanganyikiwa.

- A: timu
- B: mpinzani
- C: pointi za timu
- D: pointi za mpinzani
- E: uwanja (1 nyumbani, -1 ugenini, 0 uwanja huru)

Shiti ya pili iite timu. Safu A iwe na majina yote, pamoja na "FCS". Mbali kidogo, weka mipangilio: K1 andika 2.5, K2 andika 24, K3 andika 0. Maana zake zinakuja.

Utajua umefaulu ikiwa jumla ya safu E ni sifuri kamili, na jumla ya C inalingana na jumla ya D. Zisipolingana, kuna mechi uliyoiandika upande mmoja.

## Hatua ya 4: Ondoa faida ya uwanja, kisha bana mabao ya karamu

Kwenye mechi, F2:

=C2-D2-timu!$K$1*E2

Hii inampunguzia mwenyeji pointi 2.5 na kumwongezea mgeni kiasi hichohicho. Namba 2.5 ni makadirio ya kawaida kwa mchezo huu. Ukitaka ya kwako, chukua wastani wa tofauti ya pointi za wenyeji katika mechi za ndani ya konferensi peke yake. Mechi za nje zitakudanganya: vyuo vikubwa huwalipa vidogo waje kuchezea kwao, basi wenyeji wanashinda kwa pointi 40 na uwanja hauna uhusiano wowote na ushindi huo.

Kisha G2:

=MEDIAN(-timu!$K$2,F2,timu!$K$2)

Inabana tofauti isizidi 24 kila upande. Kwa nini 24? Ni tachidauni tatu (kila moja pointi 6 na moja ya nyongeza) na mkwaju mmoja wa pointi 3. Timu ikishaongoza kwa kiasi hicho kocha huingiza wachezaji wa akiba, na pointi zinazofuata hazituelezi mengi. Isitoshe, usipobana unamtuza kocha anayeendelea kumkandamiza aliyekwisha kuanguka. Kwa hofu hiyohiyo BCS iliziamuru kanuni zake zote ziache kutumia tofauti ya pointi kuanzia msimu wa 2002. Kwangu mimi hapo walizidisha, kubana kungetosha. Ukipendelea 21 au 28 ni sawa, mradi usibadilishe katikati ya msimu ili timu yako ipande.

Onyo: ondoa uwanja kwanza, kisha bana. Ukigeuza mpangilio, mgeni aliyeshinda kwa 50 atapata 26.5 na mwenyeji aliyeshinda kwa 50 atapata 21.5, na kikomo chako hakitakuwa kikomo tena.

Muda wa ziada usikusumbue. Mwaka 2018 Texas A&M iliifunga LSU 74-72 baada ya vipindi saba vya ziada; kanuni inaiona kama mechi ya pointi 2, na ndivyo ilivyokuwa.

## Hatua ya 5: Zungusha mpaka namba zitulie

Huu ndio moyo wa kanuni. Wazo lenyewe ni hili: alama za timu ni wastani wa tofauti zake za pointi, ukijumlisha wastani wa alama za wapinzani wake. Lakini alama za wapinzani nazo zinategemea wapinzani wao, ikiwemo timu yenyewe. Hivyo tunaanza na sifuri kwa kila mtu na kurudia hesabu mpaka isibadilike.

Kwenye mechi, H2 inaleta alama za sasa za mpinzani:

=VLOOKUP(B2,timu!A:D,4,FALSE)

Kwenye timu:

- B2, idadi ya mechi: =COUNTIF(mechi!A:A,A2)
- C2, jumla ya tofauti: =SUMIF(mechi!A:A,A2,mechi!G:G)
- D2, alama za sasa: andika 0
- E2, alama mpya: =(C2+SUMIF(mechi!A:A,A2,mechi!H:H))/(B2+$K$3)

Nakili safu E, ibandike juu ya safu D kama thamani tupu, si kama fomula. Kwenye Google Sheets ni Ctrl+Shift+V. E itajihesabu upya. Rudia. Ukibandika fomula badala ya thamani, programu italalamika kwamba kuna mzunguko, au itakujazia namba za ajabu.

### Mfano wa kuthibitisha

Kabla ya kuingiza msimu mzima, jaribu na timu hizi nne za konferensi ya Big 12 mwaka 2008. Nimezichagua kwa sababu tatu za kwanza zilifungana kwa mzunguko, na zote zilimaliza 7-1 katika konferensi:

- Texas 45, Oklahoma 35 (Dallas, uwanja huru)
- Texas Tech 39, Texas 33 (kwa Texas Tech)
- Oklahoma 65, Texas Tech 21 (kwa Oklahoma)
- Texas 28, Oklahoma State 24 (kwa Texas)
- Texas Tech 56, Oklahoma State 20 (kwa Texas Tech)
- Oklahoma 61, Oklahoma State 41 (kwa Oklahoma State)

Chukua Oklahoma kwa karibu. Kufungwa na Texas kunabaki -10. Ushindi wa 44 nyumbani unakuwa 41.5, kisha unabanwa hadi 24. Ushindi wa 20 ugenini unapanda kuwa 22.5. Jumla ni 36.5, na wastani kwa mechi tatu ni 12.17.

Mizunguko yako iende hivi:

| Timu | 1 | 2 | 3 | 4 | Mwisho |
|---|---|---|---|---|---|
| Oklahoma | 12.17 | 8.11 | 9.46 | 9.01 | 9.13 |
| Texas | 2.67 | 1.78 | 2.07 | 1.98 | 2.00 |
| Texas Tech | 1.17 | 0.78 | 0.91 | 0.86 | 0.88 |
| Oklahoma State | -16.00 | -10.67 | -12.44 | -11.85 | -12.00 |

Tazama namba zinavyoruka juu na chini ya jibu la mwisho huku zikikaribia. Hilo ni jambo la kawaida. Kwa nini Oklahoma imeshuka kutoka 12.17 hadi 9.13? Kwa sababu wapinzani wake watatu kwa wastani wako chini ya sifuri, na kanuni imelikata hilo.

Utajua umefaulu ukipata namba hizi hizi na jumla ya safu ya mwisho ikiwa sifuri. Usipozipata, usiendelee. Hitilafu ya kawaida ni alama ya uwanja iliyogeuzwa: 1 mahali pa -1.

Kwa msimu mzima utahitaji mizunguko mingi zaidi. Acha pale ambapo hakuna timu inayosogea kwa zaidi ya 0.01.

## Hatua ya 6: Weka egemeo mwanzoni mwa msimu

Septemba kanuni itakuonyesha vituko. Timu iliyocheza mechi mbili na kushinda zote kwa 24 itakaa kileleni, na namba zinaweza kukataa kutulia kabisa, zikirukaruka kati ya majibu mawili.

Dawa ni K3. Badala ya 0 weka 2. Ni kama kumwambia kila mmoja: umecheza pia mechi mbili za sare na timu ya wastani kabisa. Mwenye mechi mbili halisi anavutwa sana kuelekea sifuri. Mwenye 12 anavutwa kidogo tu. Katika mfano wetu wa 2008, K3 ikiwa 2 Oklahoma inashuka hadi 6.08, Texas 1.33, Texas Tech 0.58 na Oklahoma State -8.00. Nafasi hazibadiliki, majigambo ndiyo yanapungua.

Egemeo linapunguza pia tatizo la visiwa, yaani makundi ya timu yasiyokutana. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, SEC na Big Ten zilicheza ndani ya konferensi zao pekee mpaka mechi za mwisho wa msimu. Hapo hakuna kanuni ya pointi inayoweza kusema kama timu ya tano ya SEC inaizidi ya tano ya Big Ten, kwa sababu hakuna mechi inayoziunganisha. Egemeo litakupa jibu linalotulia, lakini litadhani konferensi zote zina nguvu sawa. Ukiona jambo kama hilo, wape wasomaji wako orodha kwa kila konferensi na usitangaze orodha moja ya taifa.

Mimi huacha K3 ikiwa 2 msimu mzima. Wapo wanaoirudisha 0 kufikia Novemba, na hawajakosea.

## Hatua ya 7: Weka pembeni kanuni ya ushindi tupu

Kanuni ya Colley haijali pointi. Kila timu inaanza na 0.5, na alama mpya ni:

(1 + (ushindi − kushindwa) ÷ 2 + jumla ya alama za wapinzani) ÷ (2 + idadi ya mechi)

Unaizungusha vilevile kama hatua ya 5. Kwa timu zetu nne itakupa 0.583 kwa Oklahoma, Texas na Texas Tech kwa pamoja, na 0.25 kwa Oklahoma State. Hiyo ndiyo sura halisi ya mwaka ule: ndani ya mechi hizi sita, ushindi peke yake hauwezi kuwatenganisha watatu wale. Walitenganishwa na orodha ya BCS, ikaipeleka Oklahoma fainali ya Big 12, ambako iliichapa Missouri 62-21. Mashabiki wa Texas, waliomfunga Oklahoma uso kwa uso, hawajakubali mpaka leo, na kwa kipimo cha kustahili siwezi kuwalaumu.

Timu ikiwa juu sana kwa Colley na chini kwa pointi, imekuwa ikishinda kwa mbinde. Kinyume chake ni timu kali iliyopoteza mechi za karibu. Tofauti hizo ndizo zenye habari kuliko orodha yenyewe, kwa hiyo zichapishe zote mbili.

## Hatua ya 8: Ijaribu kwa mechi ambazo haijaziona

Orodha inayoonekana nzuri machoni haijathibitika. Kila Ijumaa chukua alama za timu mbili, toa moja kwa nyingine, ongeza 2.5 kwa mwenyeji. Hayo ndiyo makadirio. Jumapili andika matokeo na umbali kati yake na makadirio yako, bila kujali alama ya kutoa.

Onyo kubwa: tumia alama za kabla ya mechi tu. Ukikadiria mechi ya wiki ya 6 kwa alama za mwisho wa msimu, kanuni tayari imeshaona jibu, na utajiona fundi bure. Hifadhi nakala ya safu D kila wiki, ukiipa tarehe.

Kanuni rahisi kama hii ikitaja mshindi sahihi katika mechi 7 kati ya 10 au zaidi kidogo, inafanya kazi. Kukosea kwa wastani wa pointi 13 au 14 kwa mechi nako ni kawaida. Mchezo wenyewe una bahati nyingi. Ukikosea kwa 18, rudi hatua ya 2 kabla ya kugusa kitu kingine. Mara nyingi ni majina.

Na usiipelekee pesa zako kwenye mikeka. Kampuni za kubashiri zinajua nani ameumia mazoezini Jumatano. Kanuni yako haijui.

## Kusoma na kuchapisha orodha

Panga safu D kutoka juu kwenda chini, na uonyeshe alama zenyewe pamoja na nafasi. Timu ya 4 na ya 9 zinaweza kupishana kwa pointi moja na nusu, wakati ya 1 na ya 2 zinapishana kwa sita. Namba ya nafasi peke yake inaficha hilo. Zinazopishana kwa chini ya pointi 1 zipe nafasi sawa. Andika juu ya jedwali thamani za K1, K2 na K3 ulizotumia na tarehe ya mechi ya mwisho iliyohesabiwa, ili mtu akikupinga aweze kuirudia hesabu mwenyewe.